Fundi wa Injini Hakurudi

Yaya Delphin, kaka yangu,

Fundi wa injini hakurudi. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza, kabla ya kuuliza nani alikuja kwenye matanga yako na nani hakuja. Niliitazama sehemu ya mwisho hadi majina ya waigizaji yakapita yote, na baada ya majina nikaendelea kungoja, maana ulinifundisha kwamba wakati mwingine huficha kipande kidogo huko nyuma kwa ajili ya watu wenye subira. Hapakuwa na kipande. Skrini ilibaki nyeusi, na ndani yake nikatuona mimi na Mama tumekaa kwenye kochi, na katikati yetu lile bonde ulilolichimba kwa uzito wako.

Nilitaka kukuandikia mapema. Kila niliposhika kalamu nilikwama palepale: nikikuandikia kama marehemu, nitakuwa nimekubali. Nikikuandikia kama mtu aliye hai, nitaipeleka wapi barua? Kwa hiyo sikuandika. Nilirudi shuleni, nikafundisha mwendo na nguvu, nikasahihisha madaftari. Wanafunzi walinitazama kama wanavyomtazama mtu aliyebeba ndoo kichwani bila ngata. Walikuwa wakingoja nimwage maji. Sikumwaga.

Hapa Kapata nyumba zetu za kambi ya mgodi zimesimama kwenye mistari yao kama Papa, baba yetu, alivyoziacha. Mparachichi wa nyuma ulizaa sana mwaka huu na hapakuwa na mtu wa kuukwea, kwa hiyo tuliokota yaliyoanguka. Umeme unakuja unapotaka. Viatu vyako vya kanisani vilikaa chini ya kitanda hadi jana, na Mama alikuwa akivipangusa vumbi kila Jumamosi, halafu anavirudisha palepale.

Nakumbuka siku ulipouleta ule mfululizo. Ulitoka kazini ukiwa na vumbi hadi kwenye kope, na kabla hujaoga ulichomeka flashi ya kibanda cha filamu nyuma ya televisheni ukasema, "Prof, kuya uone. Kijana wa kibanda anasema hii iko ya bantu ya akili." Chombo cha anga, watu wa chombo hicho, nyota nyingi, na Kifaransa kilichobandikwa juu ya midomo iliyokuwa ikisema lugha nyingine. Kabla sehemu ya kwanza haijaisha nilikuwa nimeshakuambia kwamba daktari mpole ndiye msaliti. Ukanitazama kama mtu aliyeibiwa kwenye foleni. Sehemu kadhaa baadaye daktari mpole akafungua mlango kwa maadui, nami nikasema lile neno langu: "Niliijua."

Nililisema mara nyingi mno, Yaya. Sasa nalisikia kichwani kwa sauti yangu mwenyewe na sipendi ile sauti. Mtu akitoa picha ya mtoto wake kabla ya kuvaa kofia ya anga, nilikuwa nakwambia, huyo hamalizi kipindi. Chombo kilichotelekezwa kikipiga simu ya kuomba msaada, ni mtego. Sayari nzuri yenye maji na majani, wenyeji wake wana siri chini ya ardhi. Saa ya bomu itasimama ikikaribia sifuri, isisimame mapema hata kidogo. Nahodha akianza kutabasamu upande mmoja wa mdomo, si yeye, ni pacha wake wa ulimwengu mwingine. Nilikueleza pia kwamba angani hakuna hewa ya kubeba sauti, kwa hiyo hiyo milipuko yote unayoifurahia haisikiki. Ukaniambia, "Basi ingekuwa filamu ya bubu." Kisha ukaongeza sauti.

Siku moja nilikuuliza kwa hasira kidogo unapata raha gani kwenye hadithi ambayo mwisho wake unajulikana tangu mwanzo. Ulikuwa unakula. Ukachovya tonge lako la bukari, ugali wetu, kwenye sombe ya majani ya muhogo, ukanijibu bila kuniangalia: "Hata weye unajua kila siku ni bukari. Unaachaka kukula?"

Mama alicheka mpaka akajifuta macho na kitenge. Mimi nilinuna. Nilikuwa nimesoma Lubumbashi miaka yote ile kwa mikono yako, wewe ukishuka ardhini ili mimi nipande ngazi za chuo kikuu, na nilikuwa nimerudi na elimu ya kutosha kukwambia kwamba unachokipenda ni kitu rahisi.

Mama aliuita ule mfululizo "mugodi ya kule yulu". Aliona zile njia nyembamba zenye mabomba, taa za kwenye kofia, milango ya chuma, king'ora, watu wanaopokezana zamu, akasema hizo nyota ni za kutudanganya tu, ni mgodi uleule wa Papa, wameupeleka juu. Kifaransa cha haraka kilimpita, kwa hiyo ulikaa katikati yetu ukamtafsiria. Na hapo ndipo ulipofanya lile jambo.

Mara ya kwanza nilidhani hukusikia vizuri. Yule msichana wa rada alikufa, alikufa wazi kabisa, mikononi mwa nahodha. Wewe ukamwambia Mama: "Amezimia. Banamupeleka ku hospitali." Mama akasema, "Asante Yezu." Nikakukanyaga mguu. Sehemu iliyofuata msichana hakuonekana, Mama akamuulizia, ukamjibu kwamba amepata mchumba kwenye sayari nyingine na amehamia huko. Baada ya hapo sikuweza kukufuata tena. Aliyerushwa nje ya dirisha ulimfanya aokotwe na chombo cha nyuma. Aliyelipuka alikuwa amejificha mapema kwenye ghala. Tulikuwa na mifululizo miwili ndani ya chumba kimoja: mmoja wa kwangu, ambamo watu walikufa na baadhi yao wakarudishwa kwa hila za waandishi, na mmoja wa Mama, ambamo hakuna aliyewahi kufa.

Nilikufuata uani nikakwambia unamdanganya Mama. Ulikuwa unafua nguo zako za kazi, yale maji mekundu kama chai. Ukasema, "Mama alisha kuzika batu mingi. Aba ba ku televizyo umuachie."

Nikakuacha. Lakini sikunyamaza kuhusu lile jingine, lile la waliorudi. Sheria yako kubwa ilikuwa hiyo: ambaye hatukuonyeshwa maiti yake hajafa. Uliifurahia kuliko zote. Kila mtu akipotea ndani ya moshi au nyuma ya mlango uliofungwa, ulinyoosha kidole: "Ule hayakufa. Banatuonesha maiti? Hapana." Na kweli, baada ya vipindi vichache, mtu anabisha hodi kwenye ukuta wa chombo, ana ndevu, ana kovu, amerudi. Wewe ulipiga makofi. Mimi nilisema kwamba ikiwa kila mtu anarudi, basi kufa hakuna uzito, na hadithi isiyo na uzito ni moshi tu. Nilikuwa na maneno mengi ya namna hiyo.

Kisha ikaja Jumapili ile. Fundi wa injini, yule mzee uliyempenda kwa sababu hakuwahi kuvaa nguo safi, alibaki ndani kufunga bomba ili wenzake watoke. Mlango ukashuka. Mwanga mweupe ukajaa skrini, ikaisha. Bado sehemu moja tu, ya mwisho. Ulimgeukia Mama ukamwambia fundi amepita kwa njia ya chini, kuko njia ya chini. Halafu ukanigeukia mimi, ukashusha sauti, na safari hii hukuwa unatafsiri: "Atarudi, Prof. Ule atarudi. Hawakutuonesha maiti."

Nikakujibu, "Mwache afe, Yaya. Wakimrudisha watakuwa wameharibu kila kitu."

Ulichomoa flashi, ukaitia kwenye bakuli la vifungo. Kisha ukasema tutaona Jumapili ijayo.

Jumatatu mvua ilinyesha tangu alfajiri, na mkashuka Kasulo, mtaa ambako watu huchimba madini chini ya nyumba zao, kwenye shimo la nyumba ile yenye uzio wa mabati, na udongo ukaja. Wenzako walisema mlikuwa mmeshaanza kutoka kwa sababu ya maji, kwamba wewe ulikuwa nyuma ukimsukuma wa mbele yako juu ya kamba. Huyo wa mbele yako alitoka. Alikuja hapa akakaa kwenye kiti cha mlangoni, akashindwa kunywa maji tuliyompa. Walichimba kukutafuta kwa siku kadhaa, kila walipofungua upande mmoja upande mwingine ukashuka, mpaka wakuu wa timu wakasema tukiendelea tutazika wengine. Wakafukia. Juu yake sasa pamesawazishwa na mtu ameanika nguo.

Hawakutuonyesha maiti, Yaya.

Unaelewa nilichofanya na hilo. Mimi niliyesoma. Niliwaeleza watu wa kilio kwamba chini ya Kasulo mashimo yameunganika, kila nyumba na lake, na mtu anayeyajua anaweza kuingilia hapa akatokea kule. Niliwaeleza habari za mifuko ya hewa, jinsi inavyobanwa na kukaa. Nilikuwa nachora kwenye udongo kwa kijiti. Watu wazima walinisikiliza kwa heshima, wakisema, "Ndiyo, mwalimu." Kila Jumapili baada ya ibada nilienda kusimama pale penye nguo za kuanikwa. Nilimwambia Mama naenda kwa ajili yake, ili nimletee habari. Nami niliamini hivyo. Mama alikuwa ananifungia karanga kwenye karatasi nile njiani.

Tata Mukubwa, kaka yake Papa, alikuja kutoka Fungurume na wazee wengine. Alisema kwa upole kwamba roho haiwezi kukaa barabarani. Tuchukue nguo zako, tuziweke kwenye sanduku, tuzizike karibu na Papa, matanga yaishe. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekufuata mgongoni mwa Mama, mimi ndiye nitakayetupa udongo wa kwanza, kama ilivyo kwetu. Bila huyo anayefuata, hakuna mwingine anayeanza. Wote wakamwangalia Mama. Mama akasema, "Bado."

Walirudi tena mwezi uliofuata. Mama akasema, "Bado."

Niliona ni kosa lako, nisamehe. Nilijiambia: ndicho ulichomfundisha. Ulimlea mama yetu ndani ya hadithi ambamo hakuna anayekufa, na sasa amekaa kwenye kochi anangoja hodi ukutani. Niliogopa siku atakapoulizia fundi wa injini. Sehemu ya mwisho ilikuwa kwenye flashi, ndani ya bakuli la vifungo, na nililipita bakuli lile kama mtu anavyopita mbwa aliyelala.

Wiki mbili zilizopita umeme ulikuja mchana, tumetoka kanisani, hatujala. Mama alivua viatu, akakaa upande wake wa kochi. Akasema, "Weka ile mugodi. Tumalize."

Nikakaa upande wangu. Hakuna aliyekaa katikati. Nikaanza kutafsiri, vibaya, nikirukaruka, nikimwangalia yeye zaidi kuliko skrini. Chombo kilikuwa kinarudi nyumbani. Watu walikuwa wachache. Na karibu na katikati, Yaya, kukasikika kugonga. Kwenye ukuta, kutoka nje. Gonga, kimya, gonga. Nahodha akainua kichwa. Wote wakaacha kazi. Najua kugonga huko ni nini, nimekuona ukipiga makofi kwa kugonga huko mara ngapi. Ni hila ya kale kuliko zote, mtoto wa darasa la kwanza angeibashiri, nami nilikuwa nimesogea hadi ukingo wa kochi na mikono yangu ilikuwa mdomoni. Nilikuwa tayari kuwasamehe waandishi wote wa dunia. Mrudisheni. Haribuni kila kitu.

Kilikuwa kipande cha bati kilicholegea. Wakakiona kwa kamera, kinapigapiga ukuta. Nahodha akazima sauti.

Miaka yote mwisho wa waandishi hao ulijulikana. Wakachagua siku ile usijulikane.

Mama aliuliza, "Banasema nini?" Nami nikajaribu. Nataka ujue kwamba nilijaribu. Nilifungua mdomo nikasema kwamba kuna chombo kingine nyuma yao, kwamba kimepita pale, kwamba kimemwona fundi kwenye... Sina kipaji chako. Niliendelea kutafuta neno huku watu wa chombo wakishuka zamu yao ya mwisho, wakivua kofia zao na kuzitundika ukutani, kila mtu kwenye kulabu yake, na kamera ikapita polepole juu ya zile kofia hadi kulabu moja tupu, ikakaa pale.

Mama aliweka mkono wake juu ya goti langu.

"Nadine," akasema, "mi niko na macho."

Ndipo nikakumbuka kile ambacho nilikuwa nakijua tangu utoto bila kukitumia. Kwamba mke wa mtu wa mgodini alijifunza kusoma ukuta wa taa za wachimbaji kabla ya kusoma Biblia. King'ora kikilia nje ya saa yake, wanawake wa kambi walikuwa wanakimbia hadi mlango wa kampani, na hakuna aliyewaambia kitu, Kifaransa cha wakubwa hakikuwahusu. Waliangalia taa zinavyorudishwa, kila moja mahali pake, na kila mwanamke alitazama mahali pamoja tu. Mama alisema, "Mutu yenye taa yake hairudie, ni kusema anabakia kule. Hii naijua mbele ya weye kuzaliwa." Alijua habari ya msichana wa rada. Alijua ya aliyerushwa dirishani. Aliwajua wote, mmoja mmoja, tangu siku ya kwanza.

Nikamuuliza kwa nini hakukwambia. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu mvua ile. "Alikuwa anadanganya muzuri. Ungekuwa miye, ungemukataza?"

Nami ndiye bingwa wa kubashiri, Yaya. Daktari mpole, pacha wa nahodha, saa ya bomu. Nimeishi na mwanamke huyu maisha yangu yote na sikuliona hili likija.

Nikamuuliza basi alikuwa anangoja nini, wazee walipokuja na yeye akasema bado. Alikuwa anaangalia skrini nyeusi. Akasema, "Mi sikuwa nangojea Delphin. Nilikuwa nangojea weye."

Hapo nikamwaga maji. Yote niliyokuwa nimeyabeba. Niliangukia lile bonde la katikati ya kochi, na Mama akanishika kichwa kama zamani, akisema majina yangu yote.

Jana, Jumamosi, tulizika shati lako la bluu, viatu vya kanisani, na ile kofia ya plastiki ambayo ulikataa kuivaa kwa sababu ilikubana. Tata Mukubwa alisoma Zaburi. Rafiki yako uliyemsukuma juu ya kamba alilibeba sanduku upande wa mbele, na alilibeba kama lina mtu. Kisha wote wakanigeukia. Udongo wa kule karibu na Papa ni mwekundu uleule. Niliushika kwa muda mrefu kuliko inavyopaswa. Mama hakunisukuma. Nikautupa, na sauti yake kwenye ubao ilikuwa ndogo sana, na baada yake wengine wakafuata.

Ninajuta, Yaya. Najuta kwamba "mwache afe" ndilo lililokuwa neno langu kwako juu ya mtu aliyebaki nyuma ili wengine watoke. Najuta kila "niliijua". Ulikuwa unaniomba kitu kidogo, nikae nawe ndani ya hadithi mpaka iishe, nami nilikuwa nasimama nje mlangoni nikisoma saa.

Leo mchana Mama ameniambia niende kwa kijana wa kibanda nikatafute mugodi mwingine wa yulu, mrefu. Nimekwenda, nimepata. Nakuahidi nitaketi katikati. Nakuahidi daktari akiwa mpole nitasema ni mpole. Mtu akitoa picha ya mtoto wake, nitamwambia Mama mtoto ni mzuri, na atamwona.

Na kabla hatujaanza ule mpya, Mama alinigeukia akasema, "Sasa uniambie ya fundi. Namna Delphin angesema."

Nikamwambia. Taratibu mwanzoni. Nikasema kulikuwa na njia ya chini. Nikasema alitambaa humo muda mrefu, gizani, akiwa na taa yake, mpaka akaona mwanga, akatokea kwenye ua wa watu na kuku wakakimbia. Alikuwa na vumbi hadi kwenye kope. Mwenye nyumba akashtuka akamuuliza ametoka wapi, naye akasema hilo tutazungumza baadaye, kwanza kuna bukari?

Mama akacheka, Yaya. Akajifuta macho na kitenge, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Njo bile. Njo bile kabisa."

Pumzika. Taa yako, humo hadithini, tumeitundika.

Mdogo wako wa mgongoni,
Nadine